Disketi ya Ukimwi ya 1989: mstari mmoja wa AUTOEXEC

Kirusi kama Brain, kilichotoka Lahore mwaka 1986, kilisambaa chenyewe: kilikaa kwenye sekta ya kuwashia ya disketi, na kila disketi iliyoingizwa kwenye kompyuta iliyoambukizwa ikaondoka nacho. Programu ninayoichambua hapa haikuwa na uwezo huo. Haikujinakili hata mara moja. Ilihitaji stempu, bahasha na mtu wa kuipeleka posta, na hata hivyo iliwafikia watu wapatao 20,000 katika nchi nyingi.

Desemba 1989, bahasha zilizotumwa kutoka London zilianza kuwafikia wasomaji wa jarida la PC Business World, pamoja na watu waliohudhuria mkutano wa kimataifa wa Ukimwi uliofanyika Stockholm mwaka uliotangulia. Ndani mlikuwa na disketi ya inchi 5.25 yenye lebo ya kitaalamu iliyosema ni taarifa za utangulizi kuhusu Ukimwi. Anwani hazikuibwa kwa mitambo. Zilitoka kwenye orodha za kawaida za barua, zile zinazouzwa na kupitishwa kutoka ofisi moja hadi nyingine. Mtafiti anayepokea disketi ya Ukimwi baada ya kuhudhuria mkutano wa Ukimwi ana sababu gani ya kuitilia shaka?

Isitoshe, programu iliyoahidiwa ilikuwepo kweli. Ilimuuliza mtumiaji maswali kuhusu maisha yake, ikakadiria hatari yake ya kuambukizwa, kisha ikampa ushauri. Ndani ya bahasha kulikuwa pia na karatasi ya masharti, iliyosema wazi kwamba asiyelipia matumizi ataona programu zake nyingine zikivurugika. Nani husoma karatasi hizo? Mwandishi wake alijua jibu, na nadhani aliiweka ili siku ya kesi aweze kusema kwamba watu walionywa.

Kazi chafu ilifanywa na faili la kusakinisha. Kompyuta zilizotumia mfumo endeshi wa MS-DOS zilipowashwa zilisoma faili liitwalo AUTOEXEC.BAT na kutekeleza amri zake mstari kwa mstari. Kisakinishi kilibadili jina la faili hilo kuwa AUTO.BAT, kikaweka lake mahali pake. Humo mlikuwa na mstari ulioanza na REM, ukifuatiwa na ushauri wa kiungwana kwamba kwa urahisi mtumiaji atumie auto.bat badala ya autoexec.bat. Kwa aliyeijua DOS, REM ni maelezo tu. Mashine huruka mstari huo na kusonga mbele, na fundi anayekagua faili naye huuruka kwa macho.

Lakini baada ya herufi hizo tatu hapakuwa na nafasi ya kawaida. Palikuwa na alama namba 255, ambayo kwenye skrini huonekana kama nafasi tupu ila kwa DOS ni alama kama nyingine yoyote. Kwa hiyo mashine haikusoma REM. Ilisoma jina la programu lenye alama nne, na programu hiyo ilikuwa imefichwa kwenye saraka ambayo jina lake nalo lilitumia alama hiyohiyo isiyoonekana. Ilijiendesha kila kompyuta ilipowashwa. Baada yake AUTO.BAT, yaani faili la zamani la mwenye mashine, liliitwa kama kawaida, na mtumiaji akaiona kompyuta yake ileile ya jana. Sijaona hila nyingi za zama za DOS zilizowasoma mafundi vizuri namna hii. Ilijificha palepale wanapotazama, ikavaa sura ya kitu wasichokisoma.

Kila ilipojiendesha, programu hiyo ilihesabu. Ikifika takriban mara 90, iligeuza majina ya mafaili kwenye diski C na kuyaficha, kisha ikatoa madai: lipa dola 189 za kukodi programu, au dola 378 za kukodi maisha yote, kwa sanduku la posta Panama, kwa jina la kampuni iitwayo PC Cyborg Corporation. Ofisi inayowasha kompyuta mara moja kwa siku ingefika huko baada ya miezi kadhaa. Kufikia wakati huo disketi yenyewe imeshasahauliwa droo ya chini. Na ofisi makini inayotunza nakala rudufu kila wiki ingekuwa imeinakili saraka ile iliyofichwa mara nyingi, pamoja na AUTOEXEC iliyoghushiwa. Kuwa na nakala peke yake hakutoshi. Swali la kwanza kwa afisa TEHAMA ni nakala hiyo ilichukuliwa lini, la pili ni ilichukuliwa kutoka mashine yenye hali gani.

Sasa, usimbaji wenyewe ulikuwa dhaifu mno. Yaliyomo ndani ya mafaili hayakuguswa. Ni majina na viambishi vyake tu vilivyobadilishwa, kwa jedwali linalotoa herufi moja na kuweka nyingine, na jedwali lilikuwa lilelile katika kila disketi. Mchambuzi Mwingereza Jim Bates aliifungua programu hiyo, akalipata jedwali, na haukupita muda mrefu akatoa programu mbili bila malipo: AIDSOUT ya kuondoa mtego kabla haujafyatuka, na CLEARAID ya kurudisha majina kwa waliochelewa. Hakuna aliyehitaji kutuma hata senti Panama.

Basi hasara ilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa ilitoka kwenye hofu. Watu waliona diski haina faili wanalolitambua, wakaiumbiza upya, na hapo ndipo data ilipopotea kweli. Taasisi moja ya Italia iliripotiwa kupoteza kazi ya miaka kumi kwa njia hiyo. Mashine ingezimwa tu na kuachwa, kisha ikawashwa kwa disketi safi ya DOS iliyobandikwa kibandiko kwenye pengo la pembeni ili isiandikwe, mafaili yote yangekutwa mahali pake yakiwa na majina ya ajabu. Ofisi nyingi hazikuwa na disketi hiyo, wala hazikuwa na mtu aliyepewa mamlaka ya kusema msiguse kitu. Kompyuta moja ya kujaribia disketi ngeni, isiyo na data ya mtu, ingetosha kuzuia usakinishaji kwenye mashine za kazi, na mwaka 1989 lilikuwa jambo linalowezekana kabisa.

Aliyeshtakiwa ni Joseph Popp, Mmarekani msomi wa biolojia kutoka Harvard aliyewahi kutafiti nyani Afrika Mashariki. Desemba hiyohiyo, akirejea kwao kutoka Nairobi, tabia zake ziliwatia shaka polisi katika uwanja wa ndege wa Schiphol. Baadaye alikamatwa Marekani na kupelekwa Uingereza, lakini mwaka 1991 jaji aliamua kwamba hali ya akili yake haikumruhusu kujibu mashtaka. Kuhusu nia yake mengi yamesemwa, na mimi sioni faida ya kuyaongeza.

Kosa lake la kiufundi lilielezwa vizuri mwaka 1996 na watafiti Adam Young na Moti Yung. Walionyesha kwamba programu ya kudai fidia inayobeba ufunguo wake wa kufungulia, kama ile disketi ilivyobeba jedwali lake, humpa mchambuzi dawa mkononi. Wakaeleza njia nyingine: programu ibebe ufunguo wa umma wa kufungia tu, na ule wa kufungulia ubaki kwa mshambuliaji. Programu ya kudai fidia ya WannaCry, ya Mei 2017, ilijengwa kwa msingi huo, na ilisimba yaliyomo ndani ya mafaili.