Swichi Iliyofungwa Upande wa Hasi

Wale waliosimama gatini Liwatoni, hapa Ganjoni, wakitazama mashua ile ya uvuvi ikitiwa taa, watakumbuka kwamba taa ya chumbani ilikataa kuzimika, na kwamba fundi, badala ya kujiuliza umeme unarejea betrini kwa njia gani, alibadilisha swichi, kisha akaibadilisha tena. Swichi haikuwa na taksiri yoyote. Kosa lilitangulia, pale alipoukata waya wa hasi akafunga swichi hapo, na ule wa chanya akauacha ufike taani moja kwa moja.

Mtambo wa mashua ile umeunganishwa na hasi ya betri. Basi waya utokao taani kwenda kwenye swichi, ukichubuka popote ukagusa chuma cha mtambo, umeme hupata njia ya kurudi pasipo kupitia swichi, na taa huwaka daima dawamu hata swichi iking'olewa kabisa. Lau swichi ingalikuwa upande wa chanya, mchubuko kama huo ungaliunguza fyuzi mara swichi iwashwapo, na fyuzi iliyoungua humwonyesha fundi mahali pa kuanzia. Fauka ya hayo, kwa mpango huu chanya hubaki hai usiku na mchana ilhali taa imezimwa. Na kiungo chake kimoja kikirowa maji ya ngama, ambayo ni maji ya chumvi, umeme huvuja kidogo kidogo, ukaitafuna shaba hata ikawa unga wa kijani, na betri ikaisha pasi na mtu kujua sababu. Volti 12 hazimrushi mtu, na hapo ndipo wengi hudanganyika wakadhani pande zote mbili ni sawa.

Desturi hii naijua itokako: ni ya gereji. Katika gari bodi zima ni hasi, na swichi ndogo ya mlangoni aghalabu hukata upande huo bila madhara, kwa kuwa gari halilali juu ya bahari. Miaka nenda miaka rudi nimesema kwamba fundi wa magari asikabidhiwe chombo kabla hajafunzwa upya, na leo nasema tena. Wala fundi wa majumba hana udhuru, maana majumbani swichi hukata laivu, si niutro. Wazee waliofunzwa Kilindini, katika karakana za shirika la Reli na Bandari za Afrika Mashariki lililoundwa 1948, hawangaliupitisha waya huu hata kwa dakika moja.

Tena swichi yenyewe ni ya ukutani, ya volti 240 za mkondo geu, ambao hufika sufuri mara 100 kila sekunde na kuizima cheche. Mkondo mnyoofu wa betri hauna sufuri hiyo. Taa moja ndogo huenda ikavumilika. Taa kadhaa kwa swichi moja, hasha, na vyuma vyake hushika kutu upesi.

Fyuzi kaiweka karibu na betri, na taa za njia, nyekundu kushoto, kijani kulia na nyeupe ya tezi, zimekaa sawasawa.

Sasa na aondoe nyaya zote mbili kwenye swichi. Taa ikizidi kuwaka, aufuate waya utokao taani, shibiri kwa shibiri, hadi aone ulipochubuka kwenye mtambo, aubadilishe, kisha aihamishe swichi upande wa chanya kabla chombo hakijatoka tena usiku.