Zao Likikauka, Hatari Huhamia Kifuani

Mapadre Weupe walifungua misheni ya Mibirizi, katika wilaya ya sasa ya Rusizi nchini Rwanda, mwaka 1903. Kahawa iliyopandwa hapo mwanzoni mwa karne iliyopita, ambayo mbegu zake hutajwa kuwa zilitoka Guatemala, ilienea mpaka jina la Mibirizi likawa jina la aina ya mbuni. Kwa miongo mingi mkulima wa huku alimenya kahawa yake nyumbani, kwa kimashine cha kuzungusha kwa mkono. Mambo yaligeuka baada ya mwaka 2001, Rwanda ilipoanza kujenga vituo vya kuoshea kahawa kwa kasi. Vilikuwa vya kuhesabika kwa vidole. Leo vinapita 300. Ladha na bei zilizotokana na mageuzi hayo zimeandikwa sana. Lililoandikwa kidogo ni kule hatari ilikohamia pale kazi ilipotoka uani na kuingia kituoni.

Ukitaka kuifuata hatari hiyo, fuata maji yaliyomo ndani ya zao. Tunda bivu la kahawa lina maji zaidi ya nusu ya uzito wake. Likishamenywa, kuoshwa na kuanikwa kwenye vichanja, hubaki na asilimia 10 hadi 12. Jani bichi la chai huingia kiwandani likiwa na maji karibu robo tatu ya uzito wake au zaidi, na hutoka kwenye kikaushio na asilimia 3 hivi. Zao likiwa bado na maji, kinachoumia ni kidole, mguu na mgongo. Likishakauka, ni mapafu.

Tuanze na majimaji. Tunda likikaa guniani usiku mzima huanza kuchacha lenyewe na kuharibu ladha, kwa hiyo lililonunuliwa leo humenywa leo. Mchana hupita katika kuchuma na kubeba, jioni katika kupima kwa mizani, na mashine ya kumenya huanza kunguruma giza likiingia. Msimu unaanza takriban Machi, mwezi wa mvua. Weka pamoja mambo hayo: sakafu ya saruji yenye utelezi wa maganda na ute, taa hafifu, watu waliochoka tangu alfajiri, na mkanda unaozunguka kati ya mota na puli. Kisha kijiwe kinaingia pamoja na matunda, mashine inakwama, na foleni ya magunia inasubiri. Mkono wa kibarua unaelekea kwenye mdomo wa mashine kabla swichi haijazimwa. Hapo ndipo ajali inapozaliwa, na glovu haisaidii kitu. Glovu ikinaswa na kinachozunguka huuvuta mkono ndani.

Kinachosaidia hufanyika mapema. Matunda yakipitishwa kwanza kwenye tangi la maji, mabovu huelea na mawe huzama, hivyo kijiwe hakifiki kwenye mashine. Hatua hii iliwekwa kwa ajili ya ubora wa kahawa, lakini kwangu mimi ni kifaa cha usalama kama vingine. Mkanda ufunikwe kwa wavu wa chuma uliofungwa kwa bolti, si kwa kamba. Swichi kuu iwe na kufuli, na anayechokonoa mashine awe na ufunguo mfukoni mwake.

Chai ina jambo hilohilo kwa ukubwa zaidi. Rusizi ina kiwanda cha Shagasha, na chai nyeusi ya Rwanda kwa sehemu kubwa hutengenezwa kwa mtindo wa CTC, yaani kukata, kurarua na kuviringisha: rola mbili zenye meno hukaribiana, moja ikizunguka kasi mara kadhaa kuliko mwenzake. Meno hayo huwa butu na lazima yanolewe, na rola ni nzito. Kwa hiyo katika kiwanda chochote cha aina hii, saa ya kuangalia kwa makini ni ile ya kufungua, kunyanyua na kurudisha rola, wakati uzalishaji umesimama na watu wanaona hatari imekwisha.

Sasa ukavu. Mwaka 2013 mtafiti Gloria Sakwari na wenzake wa Chuo Kikuu cha Muhimbili, Tanzania, na Chuo Kikuu cha Bergen, Norwei, walichapisha vipimo vya vumbi kutoka viwanda vya kahawa vya Tanzania. Robusta, inayokaushwa na maganda yake bila kuoshwa, ilitoa vumbi zaidi kuliko Arabika iliyomenywa kwa maji, na ndani ya vumbi hilo endotoksini, sumu itokayo kwenye kuta za bakteria, ilikuwa nyingi mara kadhaa. Hata kwenye Arabika endotoksini ilipita mbali kiwango cha uniti 90 za endotoksini (EU) kwa mita ya ujazo kilichopendekezwa na Baraza la Afya la Uholanzi. Matokeo hayo yananigusa kwa sababu yanaonyesha kwamba mtu anayeosha kahawa usiku kilimani anampunguzia vumbi mwenzake asiyemjua, anayeikoboa miezi kadhaa baadaye. Barakoa ni ya mwisho. Kwanza punguza kimo ambacho kahawa inamwagwa kutoka, funika vibebeo, weka kivuta vumbi, na acha kufagia kwa ufagio mkavu. Chumba cha kuchambulia chai kinadai hayo hayo, na zaidi, kwa kuwa vumbi la chai hushika moto.

Sheria ya kazi ya Rwanda, Namba 66 ya mwaka 2018, inawahesabu hata wafanyakazi wasio rasmi katika suala la usalama na afya kazini, na mwajiri huchangia asilimia 2 ya mshahara kwa ajili ya madhara ya kazi. Ugumu uko kwa vibarua wa msimu. Mtu aliyefundishwa mwaka jana huenda asirudi, na mgeni aliyeajiriwa Aprili hukuta mafunzo yalishatolewa Machi.

Ndiyo maana ningeomba mkaguzi asianzie kwenye kabati la glovu. Aulize kwanza mizani hufungwa saa ngapi, na mashine ina uwezo wa kumenya kilo ngapi kwa saa. Akigawanya mzigo wa siku ya kilele kwa uwezo huo, atajua watu watakuwa wamesimama kando ya mkanda mpaka saa ngapi za usiku.