Taa za Rangi Tatu

Kwa miaka mingi niliwafundisha walimu wanafunzi kwamba kazi ya sanaa huhakikiwa kwa kuitazama fani yake na maudhui yake, kisha kuuliza: kazi hii inasema na nani? Tulihakiki riwaya, tamthiliya na mashairi, na siku nyingine, darasa likichoka, tulihakiki hata maneno ya kanga. Sikudhani kwamba uzeeni ningekuja kuhakiki dashibodi ya gari. Lakini hakuna kazi niliyoitazama kwa makini zaidi, wala iliyonigharimu zaidi, kuliko hiyo.

Nakaa Mbagala, si mbali na Rangi Tatu. Nilistaafu mwaka 2011, na mwaka uliofuata, kiinua mgongo kikiwa bado kina joto, nilinunua gari la fahari. Jina lake silitaji. Lilitengenezwa Ulaya, jeusi, viti vya ngozi, na lilikwisha kutimiza miaka kumi na miwili. Ukweli ni kwamba sikulihitaji. Mke wangu alitaka tumalizie kuezeka vyumba vya uani, tupate wapangaji. Lakini mimi niliyekuwa kijana wakati wa Azimio la Arusha mwaka 1967, niliyewacheka wabenzi pamoja na wenzangu, nilitaka kabla sijafa nijue kiti cha mbenzi kinakaliwaje. Nilijua. Ni kiti kizuri sana.

Siku ya kulikagua gari hilo, kule Kinondoni, dashibodi ilikuwa safi. Siku ya nne, nikipita Mtoni, ikawaka taa ya manjano yenye umbo la injini. Nilikwenda kwa fundi mmoja Tandika, afanyaye kazi chini ya mwembe. Akachomeka kijimashine chini ya usukani, akasoma, akasema, "Shikamoo mzee, hii ni sensa tu." Mwaka huo wa 2012 nchi nzima ilikuwa ikizungumzia Sensa ya Watu na Makazi, nami nikamjibu kwamba mimi nimekwisha hesabiwa. Akacheka. "Hii yako, mzee, inahesabu moshi."

Sensa ilibadilishwa, taa ikazimika. Baada ya wiki ikarudi. Fundi wa pili alibadilisha plagi. Wa tatu alilaumu mafuta. Wa nne hakubadilisha kitu. Aliifuta tu kwa mashine yake, akachukua shilingi elfu ishirini, na taa ikarudi kabla sijafika nyumbani. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini siku ya ununuzi dashibodi ilikuwa safi kama kaburi lililopakwa chokaa.

Pale chini ya mwembe palikuwa na benchi, na benchi hilo lilikuwa baraza la wenye magari ya fahari. Mmoja alikuwa na gari linaloinuliwa kwa mifuko ya upepo badala ya springi; mifuko ilikuwa imezeeka, na kila asubuhi alilikuta limepiga magoti kama ngamia. Wa pili taa yake ya breki za ABS iliwaka tangu siku aliponunua, naye alisema ameizoea kama mtu anavyozoea kengeza la shemeji yake. Wa tatu alikuwa ameziba taa kwa utepe mweusi. Nilicheka pamoja nao. Baadaye niliona kwamba sote wanne tulikuwa wanafunzi wa darasa moja, na wote tulikuwa tumefeli.

Sasa tuifanyie dashibodi haki yake. Kwa upande wa fani, sina budi kuisifu. Wanaotengeneza magari wameepuka lugha, wakachagua picha na rangi. Shirika la Kimataifa la Viwango lina kiwango kizima, namba 2575, kinachoeleza alama hizo, ili dereva wa Osaka na dereva wa Mbagala waone kitu kimoja. Nyekundu maana yake hatari: simama. Manjano: angalia, nenda karakana. Kijani: kitu fulani kinafanya kazi. Ni rangi chache tu, na mtoto wa chekechea aweza kuzikariri. Laiti vitabu vyetu vya kiada vingekuwa na ufasaha wa namna hiyo.

Kasoro iko kwenye maudhui. Ile taa moja ya manjano yenye umbo la injini husimamia mamia ya makosa. Mtu aliyesahau kukaza mfuniko wa tangi la mafuta na mtu ambaye silinda yake moja haichomi vizuri huonyeshwa picha ile ile. Ajabu ni kwamba gari lenyewe linajua tofauti. Ndani ya kompyuta yake kila kosa lina namba: P0300 ni uchomaji wa mafuta unaokosea katika silinda, P0420 ni kichujio cha moshi kisichosafisha inavyotakiwa. Gari linajua, lakini mwenye gari haambiwi. Lazima amlipe mtu mwenye mashine. Jambo hilo lilinikumbusha ripoti za shule. Mwalimu anayo kwenye daftari lake orodha kamili ya alama, anajua mtoto ameshindwa sehemu za desimali, lakini kwenye ripoti iendayo kwa mzazi anaandika: "Aongeze bidii." Nimetia saini ripoti za namna hiyo kwa maelfu. Wazazi wangapi waliisoma, wakaikunja, wakaiweka chini ya godoro, kwa kuwa haikuwaambia la kufanya?

Je, taa hiyo inasema na nani? Hapa ndipo nilipostaajabu. Nilidhani imewekwa kwa ajili ya kuilinda injini yangu. La hasha. Ilitiwa nguvu na sheria za hewa safi. Jimbo la California lilitangulia, kisha Marekani nzima ikalazimisha mfumo mmoja wa kujikagua kwa magari madogo kuanzia matoleo ya mwaka 1996. Jumuiya ya Ulaya ikafuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli. Shabaha ilikuwa moshi. Katika majimbo kadhaa ya Marekani gari lenye taa hiyo haliwezi kufaulu ukaguzi wa moshi, na mwenye gari hana njia ila kulitengeneza. Kwa hiyo taa ile ni barua iliyoandikiwa ofisi fulani ya serikali ya nchi nyingine, ikapitia kwenye macho ya dereva. Huku kwetu barua ilifika, lakini ofisi ya kuipokea haikuwapo. Ndiyo maana wengi tuliona ni kelele tu.

Gari la fahari lina maneno mengi kuliko gari la kawaida. Kila starehe iliyoongezwa, kiti kinachopashwa joto, taa zinazogeuka na kona, mifuko ya upepo, ina nyaya zake, sensa zake na taa yake ya kulalamika. Tusidhani bei kubwa ndiyo uimara. Kampuni ya J.D. Power ya Marekani huwauliza kila mwaka wenye magari ya miaka mitatu matatizo waliyoyapata, ikayahesabu kwa kila magari mia. Lexus, iliyoanza kuuzwa huko mwaka 1989, imeshika nafasi ya kwanza mara nyingi, na ndugu yake ni ile Harrier tunayokutana nayo kila kona ya Dar es Salaam. Lakini baadhi ya majina makubwa yenye bei ya kutisha huangukia chini ya wastani. Na hayo ni magari ya miaka mitatu! Linalotufikia sisi lina miaka kumi au kumi na mitano. Mwenye nalo wa kwanza alikula asali. Sisi tumepewa mzinga, na nyuki wamo.

Hata hivyo nisiwatwike watu wa mbali mzigo wote. Sisi nasi tuna yetu. Miaka ile mafuta yalikuwa yakichakachuliwa, neno ambalo mwaka 2010 lilikuwa mdomoni mwa kila mtu. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo, kwa hiyo yalichanganywa kwenye dizeli na petroli. Mwaka huo EWURA ilianza kutia vinasaba kwenye mafuta ili yatambulike, na katika bajeti ya mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya uchakachuaji iondoke. Injini iliyoundwa kuonja moshi wake mara nyingi kwa dakika haiwezi kunyamaza ikilishwa mchanganyiko huo. Tena wako wanaong'oa masega, yaani kile kichujio cha moshi, kwa kuwa ndani yake mna madini ya thamani kama platinamu na paladiamu. Wakisha kuyauza, wanamwambia mwenye gari kwamba sasa injini itapumua. Taa ikiwaka, wanaifuta. Na wako wanaofanya vibaya zaidi, wanaoitoa kabisa balbu ya taa, au kuiunganisha na taa nyingine, ili mnunuzi asione kitu.

Hayo yote niliyajua kufikia mwaka 2013. Nilikuwa nimesoma, nimeuliza, nimehakiki. Na bado yakanikuta, kwani kujua ni jambo moja na kuona ni jambo jingine.

Ilikuwa asubuhi, kabla Barabara ya Kilwa haijajengewa njia ya mabasi yaendayo haraka. Nilikuwa nampeleka mke wangu mjini. Foleni ilianzia Zakhem. Taa ya manjano ilikuwa inawaka kama kawaida yake, sikuitazama. Tulipokaribia Mtoni kwa Aziz Ali, mke wangu akasema, "Mwalimu, kuna taa nyingine hapo, nyekundu." Nikamjibu bila kugeuza macho, "Hizo ni sensa tu." Tukaendelea, labda kilomita mbili, labda tatu. Kisha ukaja mvuke, ukaja mlio kama wa mtu anayegonga bati ndani ya pipa, na gari likazimika katikati ya barabara, daladala zikitupigia honi pande zote.

Bomba la plastiki la maji ya injini, lenye umri wa miaka kumi na mitatu, lilikuwa limepasuka. Gari lilichemsha, gasketi ikaungua, injini ikanoki. Bomba lenyewe bei yake isingefika hata bei ya gunia la mchele. Injini nyingine ilitakiwa kwa fedha zilizozidi kiinua mgongo kilichobaki. Gari lilikaa uani kwangu miaka miwili, kuku wakitagia chini yake, kisha likauzwa vipande vipande.

Tulipokuwa tumekaa pembeni ya barabara tukingoja mtu wa kutuvuta, nilimwomba radhi mke wangu kwa fedha zilizopotea. Hakuzungumzia fedha. Alisema, "Mwalimu, taa umeizoea kama ulivyonizoea mimi. Tangu mfungo uliopita nakwambia kichwa kinaniuma." Ni kweli alikuwa akisema. Nami nilikuwa nikimjibu kwa upole kabisa, apumzike, anywe maji, kama mtu anayebonyeza kitufe cha kufuta. Siku ya pili yake tulikwenda zahanati kwa daladala. Presha yake ilikuwa juu kiasi kwamba muuguzi aliipima mara tatu, akamwita daktari.

Hukumu yangu kama mhakiki, basi, ni hii. Dashibodi ina fani nzuri na maudhui mabovu: inaonya bila kufundisha, na onyo lisilofundisha huzaa mazoea. Waliolitengeneza gari wangeweza kuandika kwa maneno machache kosa ni nini, kwa kuwa kompyuta inalijua. Na baadhi ya magari ya siku hizi yameanza kufanya hivyo. Lakini kosa la msomaji ni kubwa kuliko la mwandishi. Anayeiacha taa ya manjano iwake mwaka mzima hapotezi taa hiyo moja. Anayaharibu macho yake, na siku ile nyekundu ikija haitaonekana. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini kwa mtu aliyezoea mawingu hakuna dalili.

Kwa msomaji anayetaka kununua gari la fahari, nami simkatazi, ninayo maneno matatu. Kwanza, fungua swichi kabla ya kuwasha injini: taa za onyo, ile ya injini ikiwamo, zinapaswa kuwaka, kisha kuzimika injini ikiwaka. Isiyowaka kabisa ndiyo ya kuogopa, maana yawezekana imetolewa. Pili, nenda na fundi wako mwenye mashine. Kompyuta ikifutwa huanza kujikagua upya, na mashine itaonyesha kama ukaguzi huo haujakamilika. Muulize muuzaji ni nani aliyeifuta, na lini. Tatu, taa ikiwaka, dai uambiwe namba ya kosa na maana yake kabla kitu chochote hakijabadilishwa. Fundi mzuri hataudhika. Yule wa Tandika, nilipomuuliza baadaye, aliniambia kwamba mimi nilikuwa mtu wa kwanza benchini kwake kutaka kuelezwa. Wengine wote walitaka izimwe.

Siku hizi napanda basi. Vyumba vya uani tuliviezeka mwaka 2016, kimoja baada ya kingine. Vidonge vya mke wangu viko juu ya kabati, karibu na redio, na kila jioni namuuliza kichwa kikoje. Nikisha kuuliza, najitahidi kulisikiliza jibu.