Sharti au Pingu? Dhana ya Pavlov katika Riwaya ya Brave New World

Mwanzoni mwa riwaya ya Brave New World, iliyotungwa na Mwingereza Aldous Huxley na kuchapishwa mwaka wa 1932, pana onyesho la kutisha. Watoto wa miezi minane, wa tabaka la chini la Delta, wanaachiwa watambae kuelekea kwenye mawaridi na vitabu vya picha. Wanapoanza kuvichezea, king'ora na kengele zinalia kwa kishindo, kisha umeme unapitishwa sakafuni. Maua na vitabu vinapoletwa tena bila ya kelele, watoto wanajikunyata na kulia. Mkurugenzi wa kituo anawahakikishia wanafunzi wake kwamba somo hilo likirudiwa mara 200, chuki ya vitabu haitawatoka watoto hao maishani.

Ni rahisi kwa msomaji kuyachukua maneno ya Mkurugenzi kuwa ndiyo msimamo wa mtunzi. Hata hivyo, riwaya ikichunguzwa kwa makini, ushahidi wake unampinga mhusika huyu.

Dhana inayohusika ni ya Ivan Pavlov (1849–1936), mwanafiziolojia wa Urusi aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1904 kwa uchunguzi wake juu ya usagaji wa chakula mwilini. Mbwa akitiwa chakula kinywani hutokwa na mate bila ya kufunzwa. Chakula ni kichocheo cha asili, na mate ni mwitiko wa asili. Mlio wa metronomu, yaani chombo kinachopiga mapigo sawasawa kama saa, haumtoi mbwa mate. Lakini mlio huo ukitangulia chakula mara kadhaa, hatimaye mate hutoka kwa mlio peke yake. Hapo mlio umekuwa kichocheo cha masharti, na mate yanayoufuata ni mwitiko wa masharti. Mwitiko huo huweza kuenea hadi kwa milio inayofanana na ule wa kwanza. Aidha, mlio ukiendelea kusikika bila ya chakula, mwitiko hufifia, ingawa haufutiki kabisa: mbwa akipumzishwa kwa muda, mate huweza kurejea yenyewe.

Neno alilolitumia Pavlov kwa Kirusi ni uslovnyi, na maana yake ni "-enye sharti". Wafasiri wa Kiingereza, akiwamo Anrep katika tafsiri yake ya mwaka wa 1927, waliliweka neno conditioned, ambalo hudokeza tendo lililokwisha kutendwa na kufungwa. Kiswahili kikisema "mwitiko uliozoezwa" kinairithi kasoro hiyo hiyo. Neno sharti, ambalo Kiswahili kililipata kutoka kwa Kiarabu, liko karibu zaidi na fikra ya Pavlov. Kilichozoezwa kimekwisha, chenye sharti hudumu maadamu sharti linadumu. Majaribio ya Robert Rescorla nchini Marekani mwaka wa 1968 yaliitilia nguvu maana hii. Panya waliopigwa umeme sawasawa, mlio uwepo au usiwepo, hawakuuogopa mlio, ijapokuwa mlio na umeme vilikuwa vimekutana mara nyingi. Kurudiarudia peke yake hakutoshi. Hapana budi mlio uwe dalili ya jambo lijalo.

Mkurugenzi wa Huxley anasadiki hesabu ya marudio. Riwaya, kwa upande wake, inaonyesha dola isiyothubutu kuitegemea hesabu hiyo. Wananchi hunong'onezewa methali za serikali usingizini kwa miaka mingi. Hupewa dawa ya soma ili huzuni isiwapate. Bernard Marx na Helmholtz Watson, waliolelewa katika utaratibu huo huo, wanapowaza mengine wanahamishiwa visiwani. Je, pingu zisizovunjika zahitaji walinzi wengi kiasi hiki?

Yaweza kujibiwa kwamba hao wawili ni wa tabaka la juu, na kwamba Madelta hawaasi kamwe kwa ajili ya uhuru: wanapofanya ghasia hospitalini, wanaililia soma iliyotupwa. Hoja hii ina uzito. Lakini hofu hufifia pale tu kichocheo kinapokutwa bila ya maumivu, na Mdelta aliyekwisha kuchukizwa na vitabu hatavisogelea tena ili agundue kwamba havina umeme. Yanayoilinda hofu yake ni maisha aliyopangiwa, zaidi ya yale masomo 200. Mwaka wa 1920, John Watson na Rosalie Rayner walimtia mtoto wa miezi 11 hofu ya panya mweupe kwa kumgongea chuma nyuma yake mara saba tu. Mwaka wa 1924, Mary Cover Jones alieleza jinsi mtoto mwingine alivyoondolewa hofu ya sungura kwa kumsogeza mnyama huyo kidogo kidogo huku mtoto akila chakula akipendacho. Miaka minane kabla ya riwaya kuchapishwa, njia ya kurudi ilikuwa imekwisha kuonyeshwa.

Suala hili lina mzizi wake Kenya pia. Katika Decolonising the Mind (1986), Ngũgĩ wa Thiong'o anasimulia jinsi mtoto aliyesikika akisema Kigikuyu shuleni alivyochapwa, au kuvikwa kibao cha chuma shingoni chenye maneno ya kumdhalilisha. Kwa istilahi kamili za saikolojia, kiboko kilichofuata tendo ni adhabu, na si mfano halisi wa Pavlov. Lakini aibu iliyojishikiza kwenye sauti zenyewe za lugha, hata mwalimu asipokuwapo, ni mwitiko wa masharti. Ngũgĩ huyo huyo alianza kuitunga riwaya ya Caitaani Mũtharaba-inĩ kwa Kigikuyu akiwa kizuizini Kamiti mwaka wa 1978. Muungano ambao Mkurugenzi angeapa kuwa ni wa milele ulikuwa umefunguka.

Haifai, hata hivyo, kulishangilia jambo hilo kupita kiasi. Kilichofifia hurejea. Riwaya moja haiiondoi aibu ya mamilioni, hasa pale ambapo ofisi na mitihani huendelea kuilisha. Mhakiki anayesema kwamba watu fulani "waliharibiwa akili utotoni" anasema kama Mkurugenzi: anaitazama ile sakafu ya umeme, asiulize ni nani aliyeviondoa vitabu baadaye. Swali lenye manufaa kwa riwaya ya Huxley, na kwa lugha za Kiafrika pia, ni hili: sharti ni lipi, na ni nani analitunza hadi leo?