Kumpima Mwendesha Baiskeli wa Mashindano

Ubora wa mwendesha baiskeli wa mashindano ya barabarani huonekana zaidi katika kile anachokiokoa kuliko kile anachokitumia. Nguvu za miguu wanazo vijana wengi, na aliyekulia kati ya Kilosa na Mikumi akibeba miwa, mkaa au madumu ya maji kwenye keria anazo za kutosha. Bingwa hutofautiana nao kwa jambo moja: baada ya saa tano barabarani bado ana akiba ambayo wenzake walishaimwaga kidogo kidogo bila kujua, kwenye kona, kwenye upepo, kwenye chupa ya maji waliyosahau kuinywa. Kazi ya mjuzi ni kuona mahali akiba hiyo inapovujia.

Pa kuanzia ni mguuni. Mwanagenzi hutwanga: huisukuma pedali chini kwa kishindo, kisha mguu hulala mpaka zamu yake irudi, na cheni hulegea na kukaza kila mzunguko. Fundi huzungusha, na mlio wa cheni yake ni mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Mpimaji akae kando ya lami, achague goti moja, ahesabu linavyopanda kwa sekunde 15, kisha azidishe kwa 4. Waendeshaji wengi wa kulipwa huzungusha mara 85 hadi 100 kwa dakika wakiwa tambarare. Anayezungusha mara 60 kwa gia nzito anaweza kuwa na kasi ileile, ila anakula misuli badala ya pumzi. Pumzi hurudi baada ya mteremko mmoja. Misuli iliyoliwa hairudi siku hiyo.

Juu ya kiuno panatakiwa utulivu, na somo la utulivu linapatikana vizuri kwa mbeba mkaa kuliko kwa mwanamichezo. Anaposhuka na magunia mawili nyuma yake, mzigo unaweza kuzidi uzito wake mwenyewe. Akiyumbisha mabega mara moja, magunia nayo huyumba, na usukani huenda unakotaka wenyewe. Kwa hiyo hujifunza mapema: viwiko vimekunjwa kidogo, vidole vimelegea kwenye mpini, macho yako mbali mbele. Akifika kwenye kilima hashindani nacho. Hushuka kabla baiskeli haijasimama, akasukuma bila kukatisha mwendo. Mkao huo, ambao makocha huchukua miezi kuufundisha, yeye ameupata kwa kazi.

Ila utulivu usichanganywe na umbo la kupendeza, na hapo wapimaji wengi huteleza. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1985 na mshindi wa Tour de France mara 4 (2013, 2015, 2016 na 2017), hakuwa na umbo la kuvutia hata kidogo: viwiko vimetanuka kama mbawa, kichwa kimeinama, macho yamekazwa kwenye kompyuta ndogo ya usukani. Aliyemhukumu kwa umbo angemwacha. Aliyetazama magoti aliona jambo lingine. Tarehe 14 Julai 2013, kwenye Mont Ventoux nchini Ufaransa, mwishoni mwa safari ya siku moja iliyozidi kilomita 240, Froome alimwacha mpinzani wake Alberto Contador, yeye Froome akiwa bado ameketi kitini, huku akizungusha kwa kasi ambayo wengi huiweza tambarare tu. Waendeshaji wengi husimama juu ya pedali wanapotaka kuchomoka, na kusimama kuna gharama yake kwa mikono, mgongo na mapafu. Yeye hakuilipa. Ubaya wote ulikuwa mikononi. Miguu ilikuwa safi.

Tambarare, adui mkubwa ni hewa. Anayejibanza nyuma ya mwenzake huokoa robo hadi theluthi ya nguvu, na ndiyo maana mashindano haya huendeshwa kwa makundi. Barabara ya kutoka Mikumi kuelekea Kidodi na Ruaha inafundisha jambo hili kwa uwazi. Miwa ikiwa imekomaa pande zote mbili, barabara huwa kama korido. Pale ilipovunwa, upepo hupiga ubavuni ghafla. Fundi huliona shamba lililovunwa kabla ya kulifikia, akasogea upande uliokingwa na bega la mwenzake. Mwanagenzi huligundua linapompiga, tayari yuko pembezoni mwa lami na hana pa kujificha. Kundi likikatika, mpimaji asiulize nani alikuwa na nguvu. Aulize nani alikuwa wapi dakika moja kabla.

Mlimani mambo hugeuka, uzito ndio unaotawala. Wapandaji bora duniani huweza kutoa takribani wati 6 kwa kila kilo ya mwili kwa nusu saa. Kwa mtu wa kilo 65 hizo ni wati 390. Asiye na kipimo atazame jinsi mlima unavyoanzwa. Kwenye Iyovi, au kwenye Kitonga upande wa Iringa, kijana mwenye moyo huvamia mita za kwanza kana kwamba kilele kiko kwenye kona inayofuata. Fundi huanza chini ya uwezo wake, hubadilisha gia kabla mguu haujalalamika, na huongeza pale wengine wanapopunguza. Mashindano ya dunia ya Kigali, Septemba 2025, yaliadhibu pupa kwa namna isiyosahaulika: wanaume 165 walianza mbio za kilomita 267.5 katika vilima vile, wakamaliza 30 tu, wa kwanza wao Tadej Pogačar wa Slovenia.

Mteremkoni, breki hukamatwa kabla ya kona na kuachiwa ndani yake, mguu wa nje ukiwa chini umebeba uzito. Anayekamata breki katikati ya kona ameshachelewa, hata akipita salama. Mwaka 2016 Froome alishinda hatua nzima ya Tour kwa kushuka mlima wa Peyresourde ameketi juu ya bomba la fremu, kifua usukani, huku akiendelea kukanyaga. Mkao huo ulipigwa marufuku mwaka 2021, na ni vyema hivyo: vijana walikuwa wakiuiga bila ustadi wa kuumudu.

Kula nako ni sehemu ya ufundi. Sukari iliyohifadhiwa mwilini hutosha saa moja na nusu hadi mbili za kazi nzito, kisha miguu huwa kama ya kuazima. Mwendeshaji wa kulipwa hula gramu 60 hadi 90 za wanga kila saa, siku hizi hata zaidi, iwe kwa vinywaji, ndizi, au sukari ya kawaida kama inayozalishwa Ruaha. Anayesubiri njaa imuume ndipo ale amekwisha kupoteza. Baiskeli yenyewe ina nafasi ndogo kuliko watu wanavyodhani. Sheria za kimataifa zinazuia baiskeli nyepesi kuliko kilo 6.8, hivyo kwa waendeshaji wakubwa mashine karibu zinalingana. Cheni safi na tairi lenye upepo sahihi hueleza zaidi kuhusu mwenyewe kuliko jina lililoandikwa kwenye fremu.

Kigezo kigumu zaidi ni utumishi. Timu ya Tour ina watu 8, na 7 kati yao hufanya kazi ya mtu mmoja: kumkinga upepo, kurudi nyuma kumletea maji, hata kumpa gurudumu. Majina yao hayamo katika orodha ya washindi, na asiyejua kuwatazama ameona nusu ya mchezo. Froome aliifanya kazi hiyo. Kwenye Tour ya 2012 alipanda milima vizuri kuliko kiongozi wake, Bradley Wiggins, na kuelekea Peyragudes alionekana akigeuka nyuma, akipunguza mwendo, akimngoja. Alimaliza wa pili. Kugeuka kule ni miongoni mwa mambo yenye thamani kubwa katika kazi yake yote.

Maisha ya kazi hii nayo hupimwa kwa muda mrefu. Froome alianza utotoni chini ya David Kinjah, mwendeshaji wa Kenya mwenye kikundi cha Safari Simbaz huko Kikuyu, karibu na Nairobi, ambako watoto hujifunza kutengeneza baiskeli kabla ya kuzipeleka mashindanoni. Aliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2006, akashiriki Tour yake ya kwanza mwaka 2008, kisha akasuasua. Mwaka 2010 iligundulika ana kichocho, ugonjwa ambao watu wa mabonde ya mpunga na miwa hawahitaji kuelezwa. Aliyemkatia tamaa kwa matokeo ya miaka ile alisoma tarakimu bila kumsoma mtu. Mwendeshaji hukomaa polepole, aghalabu kati ya miaka 26 na 32, na msimu mmoja mbaya unahitaji sababu kabla ya kuhitaji hukumu.

Juni 2019, akikagua njia ya mashindano huko Roanne, Froome aligonga ukuta kwa kasi kubwa, akavunjika paja, kiwiko na mbavu. Alirudi barabarani mwaka 2020, na kwa muda mrefu alimaliza nyuma sana. Tarehe 14 Julai 2022, miaka 9 kamili baada ya Ventoux, akiwa na umri wa miaka 37, alipanda Alpe d'Huez na kufika wa tatu, nyuma ya Tom Pidcock na Louis Meintjes. Viwiko vilikuwa vimetanuka vilevile.