Lua: mfano wa benki haunitoshi

Bandugu, wiki hii nimesoma tena Programming in Lua, chapa ya kwanza ya 2003, ile sura ya kupanga programu kwa obje. Mwandishi, Roberto Ierusalimschy, ni mmoja wa wale watatu waliotengeneza Lua mwaka 1993 kule PUC-Rio, Brazili. Sura naipenda. Lakini nina neno nayo.

Lua haina klasi, ina jedwali tu. Ukitafuta kitu ndani ya jedwali na hakipo, Lua inaangalia metatebo yake, inasoma __index, inaenda kutafuta kule. Njo hapo klasi inazaliwa: jedwali la kawaida ambalo wengine wanaazima kwake, sawa vile mtoto anakosa jembe anaenda kwa baba. Kwa lugha ndogo hivi, ni werevu kweli.

Mfano wa kitabu ni akaunti ya benki yenye salio sifuri. Salio ni namba. Ukiweka pesa, Lua inasoma sifuri ya klasi, inajumlisha, inaandika jibu ndani ya akaunti yako wewe. Kila mtu na zake, safi.

Miye ni mtu wa agronomia, nina mashamba. Kwa mémoire yangu niliandika klasi Shamba, nikaweka humo mavuno = {}, nikidhani kila kipande kitapata orodha yake. Nikapima muhogo, nikaingiza kilo kwa table.insert. Vipande vyote, vyenye mbolea na visivyo na mbolea, wastani uleule! Siku tatu nililaumu mizani. Kidogo tu niandike kwamba mbolea haileti tofauti yoyote, na jury wangeniamini.

Kumbe table.insert haiandiki kitu kipya kwa obje. Inaongeza ndani ya orodha iliyoazimwa, ile moja ya baba, na wote wanakula humo. Dawa ni mstari mmoja: kuunda mavuno = {} ndani ya new, kwa kila shamba.

Mfano wa salio hauwezi kukuonyesha mtego huu, sababu namba haina tumbo la kujazwa. Ningeanza na orodha, salio lije nyuma. Kuhusu a.vuna(300) badala ya a:vuna(300), ambayo watu wanailalamikia sana, miye sina shida nayo: pale kwangu Lua ilipiga kelele palepale, nikasahihisha, nikaendelea.