Kilomita ya 101

Kila Januari picha ya kitabu cha Haruki Murakami huzunguka kwenye simu za rafiki zangu, ikifuatana na maneno ya kujitia moyo: amka, kaza, usilegee. What I Talk About When I Talk About Running kimegeuzwa mahubiri ya kujituma. Mimi naona kinasomwa vibaya. Sura yake bora kabisa inamhusu mtu aliyekaza, akamaliza, kisha mbio zenyewe zikamtoka moyoni.

Ni sura ya sita. Juni 1996 Murakami alikimbia kilomita 100 huko Ziwa Saroma, Hokkaido, kaskazini mwa Japani. Hadi kilomita ya 55 mambo ni shwari. Kisha mwili unagoma. Ili asonge mbele anajiambia kwamba yeye si mtu, ni mashine, na mashine haihitaji kuhisi kitu. Na kweli inafanya kazi: anafika baada ya saa 11 na dakika 42, tena anajivunia kwamba hakutembea.

Mwandishi mwingine angefunga daftari hapo, utepe umeguswa, makofi. Murakami anaendelea. Miguu inapata nafuu, ila hamu hairudi. Anaiita huzuni ya mkimbiaji, na si ya wiki mbili. Inamkaa kwa miaka. Anakimbia bado, lakini kwa mazoea, kama mtu anayeenda arusi ya jirani kwa sababu alialikwa. Hapo sentensi zake fupi, zile ambazo kwingine huniboa kidogo, zinapata kazi ya kufanya. Hapambi, halii, wala hajifanyi ameelewa kilichompata. Waandishi wa michezo wangapi wamewahi kuripoti kilomita ya 101?

Lakini nina ugomvi naye. Ile mashine ningetaka airudie. Ukimwambia mwili kwa saa kadhaa kwamba wewe si mtu, huenda ukaamini. Halafu mashine ikizimwa, ni nani atakayebaki kutamani kukimbia? Murakami anapapasa sababu, kisha anapita. Na jambo la pili ni kubwa zaidi: kitabu hiki hakina watu. Mkewe hupita kurasani kama kivuli. Hata kupumzika kwake ni kazi ya mtu mmoja.

Huku kwetu haliendi hivyo. Mtu wa Mji wa Kale akirudi na misuli imekaza kama kamba ya jahazi, kuna shangazi atakayemlaza mkekani na kumkanda kwa mafuta ya nazi, akimsema huku akimkanda, maana hivyo viwili huenda pamoja. Kuna wa madafu. Kuna baraza, ambapo utaulizwa kila jioni mguu waendeleaje hata kama umechoka kujibu. Sisemi kwamba mafuta ya nazi hutibu huzuni. Nasema kwamba hapa kupona kuna mashahidi, na Murakami amejinyima hao wote kwa hiari, kisha anashangaa ukimya.

Tena kisiwa hiki kina kisa chake. Tarehe 24 Machi 2007 Mombasa iliandaa mashindano ya dunia ya mbio za nyika, kwenye uwanja wa gofu unaotazama bahari pale Mama Ngina. Machi, yaani joto na unyevu bila huruma. Jasho hupoza mwili pale linapokauka ngozini, na hewa iliyojaa maji hailikaushi. Linatiririka tu, na moto unabaki ndani. Wanaume walikuwa na kilomita 12. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyeshinda mbio hizo ndefu kila mwaka tangu 2002 hadi 2006, alikuwa mbele hadi mzunguko wa mwisho. Zersenay Tadese wa Eritrea akampita. Bekele akaacha njia, hakumaliza. Wengi wengine pia hawakumaliza siku ile.

Agosti mwaka huohuo, Osaka, Bekele alishinda mita 10,000 kwenye mashindano ya dunia. Machi 2008 akashinda tena mbio za nyika, Edinburgh.

Magazeti yana Machi na yana Agosti. Katikati yake kuna miezi mitano, na hiyo ndiyo ningeinunulia kitabu: alilala saa ngapi, nani alimpikia, siku gani alifunga viatu akavifungua tena bila kutoka nje. Murakami ana jicho la kuiandika hadithi ya namna hiyo. Kwenye sura ya Ugiriki, alikokimbia mwaka 1983 kutoka Athens hadi Marathon katika joto la Julai, anakiri kwamba bia aliyoiota njia nzima haikuwa tamu kama ile ya kichwani. Weka soda baridi mahali pa bia, na mtu yeyote aliyewahi kukimbia kutoka Fort Jesus hadi Likoni saa nane mchana atamwelewa. (Usifanye hivyo, lakini. Alfajiri ipo.)

Ukikiazima, anza na sura ya sita. Zile za kukaza zitakungoja.